Ndege imepotea, rubani yuko salama: daftari, uzi na atlasi

Jumatatu ya tarehe 18 Septemba 2023, kengele haijalia bado, wanafunzi wangu wa mwaka wa tano walinizunguka langoni. Madamu, ndege ya Wamarekani imepotea! Rubani ameruka kwa mwavuli, amefika chini mzima, na ndege yake haijulikani iliko. Tena ni F-35, mali ya zaidi ya dola milioni 100, iliyoundwa ili rada za adui zisiione, na sasa hata wenyewe hawaioni. Kijana mmoja alishikilia kwamba Wachina wameinyakua kwa kompyuta. Mwenzake akasema iko Cuba, imeshafichwa. Binti mmoja, ambaye si msemaji, alisema hakuna ndege iliyopotea, habari imetungwa ili watu wasahau mambo mengine. Walibishana mpaka mlinzi akatoka kibandani kuangalia kuna nini.

Ninafundisha jiografia hapa Katuba, mjini Lubumbashi, tangu 2004. Somo la siku ile lilikuwa mito ya Afrika. Nililiweka kando, nikaomba atlasi ofisini, nikatoa uzi wa kushonea kwenye mkoba wangu. Tulichofanya asubuhi ile tumekirudia mara nyingi, kila inapovuma habari ya ndege iliyoanguka, iliyopotea au iliyodunguliwa, na kwetu Kongo habari za namna hiyo hazikauki. Nakuandikia jinsi tunavyofanya, nawe ufanye na watoto wako, na wenzako wa kazini, au peke yako usiku, simu mkononi na mega za intaneti zinakaribia kuisha.

Mstari katikati ya ukurasa

Chukua daftari la karatasi. Simu haifai kwa kazi hii, maana kwenye simu habari ya saa tatu hufunikwa na ya saa nne, na baada ya siku mbili hukumbuki ipi ilitangulia. Piga mstari wa wima katikati ya ukurasa. Juu ya upande wa kushoto andika "Ameona". Juu ya upande wa kulia andika "Amewaza". Kila habari inayokufikia iweke upande wake, pamoja na saa uliyoipata na jina la aliyeisema.

Ukianza utaona upande wa kulia unajaa ndani ya robo saa, na wa kushoto una mistari mitatu au minne. Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu ile. Kushoto tuliweka haya: jana yake mchana, kwa saa za kule, rubani wa kikosi cha Marine alitoka kwenye F-35B karibu na uwanja wa Charleston, jimbo la South Carolina. Ametua kwa mwavuli kwenye makazi ya watu, North Charleston. Ndege ya pili iliyokuwa pamoja naye imerudi salama. Uongozi wa uwanja umetangaza hadharani kwamba mwananchi yeyote mwenye fununu ya ndege ilipo apige simu. Basi. Kulia tulikuwa na mistari kumi na saba.

Siku chache baadaye sauti ya simu ya dharura ikatolewa. Mwenye nyumba anasema ana rubani nyumbani kwake, kisha rubani mwenyewe anaingia kwenye simu na kueleza kwamba ametoka kwenye ndege na hajui ndege iko wapi. Tuliongeza mstari huo kushoto, nikaupigia chini kwa kalamu nyekundu. Yule aliyekuwa ameikalia hakujua ilikokwenda. Kwa hiyo kila aliyesema kwa uhakika siku ile, awe wa Washington au wa Katuba, mahali pake palikuwa kulia.

Kuna kitu kimoja kinachowachanganya hata watu wazima. Mbunge mmoja wa Marekani wa eneo lile la Charleston aliuliza hadharani inawezekanaje ndege kama hiyo ipotee, na mbona haina chombo cha kuifuatilia. Wanafunzi walitaka niandike hilo kushoto, kwa sababu aliyeuliza ni mkubwa. Nilikataa. Swali la mkubwa hubaki swali. Liandike pembeni, nje ya pande zote mbili, uweke alama ya kuuliza, ulisubirie jibu lake.

Sauti za WhatsApp nazo zina mtihani wake, na huu nimeupata kwa kuwasikiliza watu wa kartie yetu, yaani mtaa wetu, miaka mingi. Mtu aliyeona kitu kwa macho yake hukumbuka alikuwa anafanya nini. Atakwambia, nilikuwa naanua nguo, mvua imeanza, nikasikia. Atakwambia, nilisimama hapa, nikaangalia kule, upande wa shule. Atakwambia pia kile ambacho hakukiona. Aliyetunga haanzii kwenye nguo wala kwenye mvua. Anaanzia kwenye siri: nani ametuma, nani analipwa, nini kinafichwa. Sauti ikianza kwa siri, iandike kulia hata kama anayesema ni shemeji yako.

Uzi na duara

Hapa ndipo wanafunzi wangu hupenda zaidi, na mimi pia. Uvumi wowote wa ndege iliyopotea ni uvumi wa mahali, na mahali panapimika.

Fungua atlasi kwenye ukurasa wa Amerika ya Kaskazini. Angalia kipimo. Kwetu kilikuwa sentimita moja kwa kilomita 200. F-35B ikijazwa mafuta huruka zaidi ya kilomita 1,600. Gawanya: sentimita nane na kidogo. Funga uzi kwenye kalamu, shika ncha ya pili kwa kidole juu ya Charleston, acha sentimita nane katikati, zungusha. Bikari ya hesabu ingefanya kazi safi zaidi, lakini katika darasa la watoto hamsini na wawili tulikuwa na bikari moja, nayo imelegea. Uzi haukosekani kwa mtu.

Duara likifungwa, waache watoto wenyewe walisome. China haimo hata kwenye ukurasa. Kijana wa Wachina alijitetea kwamba yeye hakusema ndege imefika China, amesema imeongozwa kutoka China, nami nikamwambia vizuri, maneno yako yamebadilika, yaandike upya na saa yake. Cuba imo ndani ya duara. Hapo mwenzake akaruka juu akishangilia, na ilinibidi nimkubalie: kwa kipimo hiki peke yake, Cuba haijakataliwa. Hii ni sehemu muhimu, usiiruke. Ukilificha jambo linalompa nguvu unayebishana naye, amekwisha kukuona, na hatakuamini utakapokuwa na haki.

Kisha punguza uzi kwa unachojua. Ndege ile ilikuwa inakuja kutua. Hakuna anayekuja kutua na tangi limejaa kama anavyoondoka. Tukasema, tuseme ana nusu. Nikawaandikisha hiyo "tuseme" upande wa kulia, kwa sababu nusu ni wazo letu, hatukuipima. Uzi ukawa sentimita nne, na pwani ya Cuba, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Charleston, ikabaki nje. Binti mkimya, yule aliyesema hakuna ndege, akauliza, na kama ilianguka palepale? Nikamwambia aweke nukta juu ya Charleston. Kwa hiyo jibu letu la Jumatatu lilikuwa hili: iko mahali fulani kati ya nukta na duara la sentimita nne. Walinuna kidogo, walitaka jina la mahali. Lakini lilikuwa jibu la kweli.

Jioni ile, kwetu usiku umeshaingia, mabaki yalipatikana Williamsburg County, kaskazini mashariki ya Charleston, mwendo wa saa mbili kwa gari. Uchunguzi ulikuja kueleza kwamba ndege iliruka peke yake dakika 11 na sekunde 21, maili za baharini 64 hivi, karibu kilomita 119. Kwenye atlasi yetu ni chini ya kidole kimoja. Iliangukia msituni.

Ili watu wa hapa waone ukubwa wa jambo, rudia duara hilohilo nyumbani. Weka kidole Luano, kwenye uwanja wetu wa ndege, vuta kilomita 119. Uzi unapita Likasi. Upande wa pili unavuka Kasumbalesa, unaingia Zambia mpaka Chingola. Ndani ya duara hilo kuna zaidi ya kilomita za mraba 44,000, eneo linaloizidi Burundi nzima, na kwetu sehemu kubwa yake ni pori la miombo. Sasa mwambie mtu atafute humo chuma kilichovunjika vipande vipande chini ya miti. Baba mmoja wa parseli jirani, aliyekuwa akicheka sana kwamba Wamarekani wamepoteza ndege kama mtu anavyopoteza funguo, aliuangalia uzi ule muda mrefu kisha akaomba nimwonyeshe tena.

"Haiwezekani" si ushahidi

Neno lililojaza upande wetu wa kulia kuliko yote lilikuwa haiwezekani. Haiwezekani ndege iruke bila mtu. Kabla ya kuliandika neno hilo, uliza kama limewahi kutokea.

Tarehe 2 Februari 1970, Montana, Marekani, rubani wa F-106 alizidiwa na ndege iliyokuwa ikizunguka kama tiara iliyokatika kamba, akaruka kwa mwavuli. Kiti cha rubani kilipotoka kwa nguvu, na uzito wake ukaondoka, ndege ikajinyoosha yenyewe, ikashuka polepole, ikatua kwa tumbo kwenye shamba lenye theluji karibu na Big Sandy. Injini ilikuwa bado inanguruma. Waliokwenda kuitazama walingoja mpaka mafuta yaishe. Ilitengenezwa, ikarudi kazini, na leo imewekwa makumbusho ya jeshi la anga la Marekani kule Dayton, Ohio.

Ya pili ni nzito zaidi, na wazee wa hapa waliosoma chini ya Wabelgiji husikia uzito wake kwa namna yao. Tarehe 4 Julai 1989 rubani wa Kisovieti alitoka kwenye MiG-23 karibu na Kołobrzeg, Poland, akiamini injini imekufa. Injini ikafufuka. Ndege ikaenda peke yake zaidi ya kilomita 900, ikapita Ujerumani, ikapita Uholanzi, ndege mbili za Kimarekani aina ya F-15 zikiifuata pembeni na kuona wazi kwamba ndani hamna mtu. Mafuta yalipoisha iliangukia nyumba huko Bellegem, karibu na Kortrijk, Ubelgiji, ikamuua kijana aliyekuwa nyumbani kwao. Alikuwa na umri wa wanafunzi wangu wakubwa. Hadithi hii huwa siisimulii haraka. Wanaobishana kuhusu ndege tupu hufurahia ajabu yake, na ajabu hiyo ina watu chini yake.

Ukisha kujua haya mawili, ya South Carolina hayakushangazi tena. Ndege za kisasa hujishika zenyewe angani. Kompyuta ya usukani husawazisha mabawa hata mikono ikiachia.

Kuhusu kwa nini haikuonekana, sitakaa sana. Raia wengi hudhani rada humwona kila mtu wakati wote. Waongozaji wa ndege hutegemea sana chombo kilichomo ndani ya ndege yenyewe, kinachojibu rada na kujitaja: mimi ni fulani, niko juu kiasi hiki. Katika ndege ile umeme ulileta hitilafu, redio na chombo hicho vikafa, siku yenyewe ilikuwa ya mvua kubwa, na umbo la ndege limechongwa kukwepa rada. Hakuna haja ya kumleta Mchina.

Wachoma makala wa Ndola

Nimesema upande wa kulia hujaa uvumi. Usielewe kwamba nakufundisha kuudharau. Sisi watu wa Katanga tuna sababu yetu ya kutodharau.

Nkambo wangu, babu mzaa mama, alikuwa kijana wa reli, BCK, mwaka 1961. Walikaa Kamalondo, wakati ule ikiitwa commune Albert, na mji huu ukiitwa Élisabethville. Septemba ile askari wa Umoja wa Mataifa na jandarma, askari wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, walikuwa wanapigana mjini. Katanga ilikuwa na Fouga Magister, ndege ndogo ya jeti iliyotengenezwa Ufaransa, nayo ilipita ikiwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa. Nkambo alikuwa na namna ya kuuiga mlio wake, akibana meno, mpaka sisi wajukuu tunajificha nyuma ya mlango. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikuwa anakuja Ndola, Zambia ya leo, wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, ili vita visimame. Ndege yake, DC-6, ilianguka porini kilomita kama 15 kutoka uwanjani. Walikuwamo watu 16. Mmoja aliokotwa hai, akafa baada ya siku chache.

Mabaki yalitangazwa kupatikana alasiri ya siku ile, saa kama 15 baada ya kuanguka. Ila pori lile halikuwa tupu. Kulikuwa na wachoma makala, mkaa kama wasemavyo watu wa pwani. Na mchoma makala halali usiku. Rundo lake likishika moto ndani ya udongo lazima lichungwe, likipasuka mahali hewa inaingia na mali yote inakuwa majivu. Anakaa macho, anatazama juu, anasikia kila kitu. Kadhaa kati yao walisema waliona ndege ya pili angani. Wengine walisema waliona mwanga au moto kabla ndege haijaanguka. Tume ya Rhodesia ilichukua maneno yao na kuyaweka kando, ikaamua mwaka 1962 kwamba ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huohuo, haikufunga mlango.

Miaka zaidi ya hamsini ikapita. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliunda jopo jipya chini ya Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na tangu 2017 yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuendelea nayo. Maneno ya mashahidi wale Waafrika yalirudi mezani. Jaji amesema inawezekana ndege ilishambuliwa au ilitishwa na kitu cha nje, na kwamba zipo serikali ambazo hazijatoa yote zilizo nayo kwenye makabati yao.

Ndiyo maana nalipenda daftari hili. Mchoma makala alisema nimeona. Hiyo ni kushoto. Wakubwa wakamhesabu pamoja na wapiga porojo, wakamsukuma kulia, na kweli yake ikalala huko mpaka wengi wao wamezikwa. Unapochora mstari wako, kazi ya kwanza ni kumlinda mtu wa namna hii. Yule anayekuja alfajiri na baiskeli, magunia matatu yamefungwa nyuma, ametoka porini usiku. Kabla hujamuuliza bei, muulize amesikia nini. Andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema, Kibemba kikiwa Kibemba. Usimsahihishie. Kama amesema ni kitu chekundu, usiandike kombora.

Sauti niliyoituma mimi

Miaka kadhaa kabla ya F-35 ile, usiku wa mvua, kulitokea mshindo hapa kwetu na mwanga wa buluu ukajaza madirisha. Baada ya dakika tano binamu yangu alinitumia sauti: ndege ya jeshi imeanguka upande wa Luano, ina mabomu, watu wa Katuba watoke. Sikuuliza aliyesema ni nani. Niliituma kwa wazazi wote wa darasa langu, nikaona nimewatendea wema.

Mama mmoja wa mtaa wa tatu alibeba watoto wake wanne akatoka nao mvuani. Aliacha mbabula inawaka ndani, sufuria ya maharage juu yake. Pazia likashika moto. Jirani mzee aliyekataa kukimbia ndiye aliyeuzima kwa beseni la maji ya kufulia. Mtoto mdogo wa mama yule alikohoa wiki mbili. Kilichopasuka ilikuwa kabini ya umeme, mitaa miwili kutoka kwangu. Hakukuwa na ndege.

Nilikwenda kwake asubuhi. Aliniamkia vizuri, "Karibu, Madamu," akaniwekea kiti. Ukuta ulikuwa mweusi mpaka kwenye mabati, na ile sufuria ilikuwa mlangoni, maharage yamegandia chini kama lami. Nilimwambia ni mimi niliyetuma, na sauti haikuwa na mwenyewe. Nilipaka ukuta ule chokaa mwenyewe, Jumamosi mbili.

Kwa hiyo ukigundua umetuma uongo, fanya hivi. Usifute kimyakimya, kwa maana waliokwisha kusikia hawataona ulichofuta. Rudi kwa watu walewale, kundi lilelile, utume sauti yako mwenyewe useme jina lako: nilituma hili saa fulani, si kweli, kilichotokea ni hiki, nimekijua kwa fulani aliyekiona. Irefushe kama ile ya kwanza. Uongo wa dakika mbili hausahihishwi kwa neno moja la pole.

Ikianguka karibu nawe

Ikitokea kweli, angalia saa kabla ya jambo lolote, uitaje kwa sauti mbele ya mtu mwingine ili muikumbuke wawili. Kumbuka mlio ulitoka wapi ukaenda wapi, kwa kutaja vitu vya kudumu: mwembe, kanisa, njia ya reli. Ukiona mwavuli unashuka, fuata mwavuli kwanza, maana pale kuna mtu, na anaweza kuwa amevunjika mgongo au miguu. Kiti kile hurusha mtu kwa nguvu kali sana. Usimwinue. Mfunike, kaa naye, tuma mtu kwa sefu wa kartie.

Mabaki yaache. Najua chuma ni pesa, na ninawajua watoto wanaookota vipande vya waya na kuviuza kwa kilo. Lakini ndege ya kivita ina baruti hata isipobeba bomu: kiti cha rubani hurushwa kwa baruti, na kisipolipuka angani kinaweza kulipuka mikononi mwa mtoto. Vifuniko vya mwili wa ndege za siku hizi vimesukwa kwa nyuzi za kaboni. Vikiungua vinatoa vumbi la nyuzi ndogo linaloingia mapafuni na kuchoma ngozi. Simama upande upepo unakotoka. Waite watoto kwa majina yao, mmoja mmoja. Ukiwaita wote kwa pamoja, hakuna anayegeuka.

Picha piga kwa mbali, zikiwa na mti au nyumba ndani yake ili mahali pajulikane, na usiziweke popote kabla hujawapa wanaotafuta. Kama nchi iko vitani, picha ya ndege iliyoanguka inaweza kuleta askari mlangoni kwako kabla ya jua kutua. Mbele ya hatari hiyo daftari na simu vyote viwekwe chini, utoe watu.

Acha kurasa tupu

Ripoti ya ndege hukawia. Ile ya South Carolina ilitolewa tarehe 31 Oktoba 2024, zaidi ya mwaka mzima baadaye. Watu wengi waliobishana kwa jasho Septemba 2023 walikuwa wameshasahau, na hapo ndipo daftari linapopata kazi yake. Mwisho wa kila habari ninaacha kurasa mbili tupu na kuandika juu yake "tunangoja".

Wanafunzi wale walikuwa sasa mwaka wa sita. Nilileta daftari, nikalifungua mezani, tukasoma mistari yetu yote kwa sauti. Ripoti ilisema kwamba mbele ya macho ya rubani vioo vya kuonyesha vilizimika na kuwaka zaidi ya mara moja, mawinguni, mvuani, akiwa chini sana, akaamini ndege imemshinda. Ilisema pia kwamba ndege ilikuwa bado inarukika, na vipimo vya akiba vilikuwa vinafanya kazi. Uchunguzi ukaona amekosea kutoka. Baadaye aliondolewa kwenye uongozi wa kikosi chake. Darasa liligawanyika vibaya juu ya jambo hilo, wengine wakisema mtu asihukumiwe kwa sekunde chache za giza, wengine wakisema je, ingeangukia nyumba ya mtu kama Bellegem? Sikuwafunga midomo. Mimi binafsi nilikuwa na wa kwanza.

Binti mkimya, yule aliyesema hakuna ndege, alikuja mbele bila kuitwa. Alitafuta mstari wake upande wa kulia, akausoma, akaandika pembeni yake tarehe ya siku ile na jina lake kamili. Halafu akahamia kushoto, akaandika kwa mwandiko mdogo: dakika 11, sekunde 21, bila mtu. Aliniuliza kama daftari lina habari nyingine inayongoja. Nikamfungulia nyuma, penye Ndola. Kushoto kuna wachoma makala, mmoja mmoja, na walichokiona. Chini yao kurasa mbili bado ni nyeupe.